Ukuta Usiofika Kwenye Bati

Gwamaka, mtoto wa dada yangu, aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, nilimjibu nimesikia, nikakata. Sikumuuliza ilikuwa saa ngapi wala nani alikuwepo. Jirani yangu hapa Mlowo alipoingia kuazima chungio la chai na kuniuliza mbona uso umeshuka, nilimwambia, "Dada anaumwa." Njia nzima mpaka Tunduma, na kesho yake tulipopanda na jeneza kwenda Itumba, kila aliyenipa mkono nilimjibu hivyo hivyo, anaumwa, na watu wakanionea huruma wakidhani uchungu umenivuruga akili. Haukunivuruga. Mwaka mmoja wa ujana wangu, nilipokaa nyumbani kwa dada, nilifundishwa kwamba jambo halisemwi limetendeka mpaka liwe limetendeka kweli, na mimi dada yangu nilikuwa sijamwona akiingia ardhini. Aliyenifundisha hivyo alikuwa baba mkwe wake. Alikuwa ananifundisha Kiingereza.

Habari za kwetu Ihanda, za kahawa na za wazazi, nitaziacha, maana kila mtu wa Mbozi anazo na zinafanana. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimefeli Kiingereza cha kidato cha nne, na nilikifeli kwa bidii, nikapelekwa Tunduma kwa dada yangu Ester nikajiandae kurudia mtihani. Wakati huo Tunduma bado ilihesabiwa Mkoa wa Mbeya. Malori yalikuwa machache kuliko leo, ila vumbi na upepo vilikuwa vile vile, na asubuhi ungesikia akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wakivuka kuja sokoni wakiulizana "Mulishani?", yaani hamjambo, kabla jua halijakomaa. Ester alikuwa ameolewa na Ayubu, Mndali wa Itumba, karani wa wakala mmoja wa forodha pale mpakani, kijana mpole, tena mpole kuliko inavyomfaa mwanamume mwenye mke. Walikuwa na mtoto mmoja, Gwamaka, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika viti. Na ndani ya nyumba ile aliishi baba yake Ayubu, mjane, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Jina lake sitaliandika. Dada hakulitamka hata mara moja maisha yake yote, na sioni kwa nini nilitamke mimi leo yeye hayupo kunikataza.

Kwa Wandali wa rika lile, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani, hawakai chumba kimoja, hawapishani mlangoni. Mzee akitaka kutoka uani alikohoa kwanza, kikohozi kirefu cha makusudi, na dada akiwa anaanua nguo alizitupa begani akazunguka nyuma ya nyumba. Maji ya kuoga aliyaweka mahali, akagonga ndoo, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Hata siku ya harusi, dada aliniambia, alifunikwa kitenge kutoka kichwani mpaka kidevuni, na mzee alikaa amegeukia upande mwingine. Kabla sijafika mimi, chakula cha mzee kilibebwa na Ayubu, na Ayubu akichelewa mpakani, baba alikaa na njaa sebuleni huku ugali wake unapoa upande wa pili wa ukuta. Watu wa leo huniambia huo ulikuwa ukatili. Mimi sijui. Niliona watu wawili wanaoheshimiana mpaka inawachosha. Mimi sikuwa nimeolewa pale, nilikuwa mdogo wake mke tu, kwa hiyo mwiko haukunihusu, ingawa wapo majirani walioapa kwamba unanihusu nusu.

Tulisoma sebuleni, baada ya chai ya asubuhi. Viti vilikuwa vya mbao, vimefunikwa vitambaa alivyofuma dada, na meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliotegeshewa kipande cha tofali. Nyuma ya kiti cha Mwalimu palikuwa na ukuta uliotenga sebule na jiko, na ukuta ule haukufika kwenye bati. Fundi aliujenga mpaka usawa wa juu ya mlango, akaaga anakwenda kuzika Momba, akaahidi atarudi. Inawezekana bado anazika. Basi moshi wa jikoni ulikuja kwetu, na Kiingereza chetu kilikwenda jikoni.

Mwalimu alikuwa na njia yake ya kufundisha, na hakuibadilisha kwa ajili ya mtu. Somo letu la miezi mingi lilikuwa ule wakati wa Kiingereza unaotaja jambo lililokwisha kutendeka. Mtu mwingine angeandika ubaoni, nikanakili, nikasahau. Yeye aliniambia, "Simama, funga dirisha." Nikafunga. "Rudi ukae." Nikarudi. "Sasa sema." Ndipo niseme, "I have closed the window," yaani nimefunga dirisha. Siku moja nilitaka kujifanya mwepesi, nikaisema sentensi nikiwa bado njiani kuelekea dirishani. Alinyanyua kidole. "Umefunga?" Nikasema nafunga, Mwalimu. "Basi umesema uongo, binti. Mimi sifundishi uongo. Tenda kwanza." Na baada ya mimi kusema ya kwangu, yeye aliipokea kwa nafsi inayofuata, wewe umefunga, nami nikaipokea, yeye amefunga, akaipokea, sisi tumefunga, mpaka tufike wao. Aliuita mnyororo. Ukimwachia mnyororo haujafika mwisho alihangaika mwili mzima kama mtu ambaye chafya imemkwama puani.

Kisha tukaingia kwenye maneno madogo yanayopenyezwa katikati, ya kusema tayari, bado, sasa hivi, kamwe. Kila moja lina kiti chake, alisema, na ukilikalisha kwenye kiti cha mwenzake sentensi nzima inakaa vibaya. Siku ya neno la kamwe nakumbuka jikoni dada alikuwa anatwanga karanga, na mchi ulikuwa unakwenda kwa mwendo wake wa kawaida. Mwalimu alifikiri kidogo atoe mfano gani. Halafu akasema, polepole, kwa sauti iliyopanda kidogo kuliko sauti yangu mimi niliyekaa mbele yake: "I have never seen the person who cooks my food." Sijapata kumwona mtu anayenipikia chakula. Mchi ulisimama. Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa anatazama juu, pale ukuta unapoishia na bati halijaanza. "Rudia, binti," akaniambia, nami nikarudia, nikijua nimetumwa kubeba kitu. Baadaye mchi ulianza tena, lakini taratibu sana.

Kuanzia hapo somo likawa la watu watatu, na hakuna aliyekiri. Mwalimu alisogeza kiti chake mpaka mgongo ukagusa ukuta. Aliuliza swali, akangoja kuliko ilivyohitajika. Nikijibu vibaya, jikoni mfuniko wa sufuria uligongwa. Nilikosea sana mwaka ule, jiko lilikuwa na kelele. "Jiko limekataa," Mwalimu alisema bila kutabasamu. "Jaribu tena." Mchana tukifua nguo uani, dada aliniuliza kwa nini neno lile lilikaa hapa wala si pale, na mimi niliyekaa mbele ya Mwalimu sikujua, akanieleza yeye niliyedhani anauliza. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili alipoolewa. Siku moja, akikamua shati la mumewe, aliniambia anataka kurudia masomo, afanye mtihani wa nje, awe mwalimu. Aliniambia kwa kunong'ona, kama mtu anayesema amemtamani mume wa jirani. Nilifurahi, na hapo hapo nikaogopa.

Niliogopa kwa sababu ya Shangazi. Dada yake Mwalimu alishuka kutoka Itumba baridi ilipoanza, akaja na debe la maharage, blanketi lake, na macho. Alikuwa mama wa kanisa, mkali na msafi, na alimpenda Gwamaka mpaka akamzuia kutambaa sakafuni. Alikaa kibarazani akichambua maharage, na kila neno lililosemwa ndani ya nyumba alilisikia. Siku ya kwanza tu alipoona kiti cha Mwalimu kimeegemea ukuta wa jikoni aliuliza, "Kaka, mbona umekaa kama unajikinga mvua?" Mwalimu akajibu kuwa ukuta ule una joto la moto wa jikoni. Ilikuwa kweli, na Shangazi akarudi kwenye maharage yake. Lakini jioni ile, tukila, alitusimulia habari za mke mmoja wa kwao aliyekutana na baba mkwe njiani, mkwe akamuuliza kama amemwona ng'ombe aliyepotea, naye akajibu kwa mdomo wake. "Alirudishwa kwao," Shangazi alisema, akimenya kiazi. "Na mtoto?" nikauliza. Akanitazama kama nimeuliza kama maji yanalowesha. "Mtoto ni wa ukoo, mwanangu. Mama ni mgeni aliyemleta." Dada alikuwa amempakata Gwamaka. Alimhamisha kutoka goti hili kwenda goti lile, akaendelea kumlisha, na kesho yake mfuniko wa sufuria haukugongwa tena hata nilipokosea makusudi.

Wiki zile zilikuwa nzito. Mwalimu aliuliza swali, akangoja, jiko likanyamaza, na niliona uso wake ukichoka. Shangazi alikuwa kibarazani akichambua maharage ambayo yalishachambuliwa. Nilihisi kwamba sote tumebana pumzi, na kwamba atakayekohoa wa kwanza ndiye atakayelipa.

Baridi ya Tunduma mwezi wa sita si ya kuchezea. Upepo unaingia kwenye mfupa na hauagi. Chumba cha Mwalimu kilikuwa na dari la viroba alilopigilia Ayubu, na dirisha lenye nondo lilikuwa limezibwa nailoni nzito, kwa hiyo hewa haikuwa na pa kupita. Asubuhi moja Ayubu alipokwisha kwenda kazini, Mwalimu alikuja kibarazani, akachukua jiko la mkaa mkononi, akasema atajilaza kidogo mpaka saa ya somo. Aliingia chumbani na jiko, akafunga komeo, maana hata ndani ya nyumba yake mwenyewe alifunga, asije mtu wa jikoni akapita na kumwona amelala. Saa ya somo ikafika, nikakaa kwenye kiti changu. Hakutoka. Nikagonga, nikaita, Mwalimu, Mwalimu, nikasikia mlio kama wa mtu anayeota. Shangazi alikuja, akasukuma, akaita kwa Kindali na kwa Kiswahili, "Kaka! Kaka, fungua!" Ule mlio ukawa mdogo zaidi. Mlango ulikuwa wa mninga, Ayubu alijivunia mlango ule. Nikatoka mbio kuita wanaume. Kwa fundi baiskeli palikuwa pamefungwa, nyumba ya pili alikuwepo bibi mmoja kipofu. Nikarudi mikono mitupu, nikamkuta dada amesimama mlangoni mwa sebule, unga wa ulezi mikononi, kitenge kimemtoka kichwani.

"Rudi jikoni," Shangazi alimwambia. "Yumo humu."

"Shangazi, ni ule mkaa. Anakufa."

"Wanaume wanakuja."

"Wanaume gani?" Dada alinitazama, akaona jibu usoni pangu. Nilikuwa nalia, na Kiingereza chote, na Kiswahili karibu chote, kilikuwa kimenitoka. Alivuka sebule ile ambayo hakuwahi kuivuka mzee akiwemo, akapita mbele ya Shangazi, akasimama kwenye mlango wa chumba. Alinyoosha mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa kusoma mbele ya darasa. Kisha akasema kwa sauti kubwa, safi, niliyokuwa sijaisikia kwake: "Teacher, have you opened the door?" Mwalimu, umefungua mlango?

Shangazi alishika kichwa. Dada akauliza tena, maneno yale yale, bila haraka, kama ambavyo yeye mzee alituuliza miezi yote ile. Ndani kitu kilianguka, nadhani kigoda. Halafu ikatoka sauti nzito, ya kulewa, ya mtu anayevuta neno kutoka mbali. "Not yet," ilisema. Bado.

"Please open the door," dada alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikutikisika. "Have you opened it?" Tulisikia mwili unaburuzwa. Tulisikia kucha kwenye mbao. Ukanyamaza mburuzo, na dada akauliza tena, ukaanza tena. Komeo liligonga mara moja likarudi, likagonga tena, mlango ukaachia. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, kichwa amekiegemeza kwenye fremu, midomo rangi ya zambarau, na hata hapo hakukubali kuanguka kabla hajamaliza. "I have opened the door," alisema. Na dada, aliyesoma nyuma ya ukuta bila daftari miezi yote ile, akaupokea mnyororo kwa nafsi inayofuata: "You have opened the door." Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza. Kisha mzee akamwangukia kifuani, tukambeba sote watatu, Shangazi miguu, mpaka uani kwenye upepo, na siku ile peke yake niliushukuru upepo wa Tunduma.

Tulimpa maziwa, akatapika, akalala uani kwenye mkeka chini ya mablanketi, akapona. Ningependa kusema Shangazi alimshukuru dada. Alimfunika kaka yake, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha Mwalimu, akamngoja Ayubu. Ayubu aliporudi, mimi na dada tulikuwa jikoni, na ukuta ule ambao ulipeleka Kiingereza upande mmoja ulileta maneno yao upande wa pili, yote, bila kupungua. Shangazi alisema amemgusa. Alisema amemwita kwa mdomo wake, tena kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha kwa halali, na kwamba mambo haya hayakuanza leo, kiti kimeegemea ukuta tangu lini? Ayubu akasema, "Shangazi, amemwokoa baba." Akajibiwa, "Mke anapatikana, Ayubu. Heshima ikishatoka nyumbani haipatikani." Tukangoja Ayubu aseme neno. Dada alikuwa anakoroga sufuria iliyokwisha kuepuliwa. Ayubu akasema, "Basi tungoje wazee." Nilimchukia kwa sentensi ile, na hata leo, ingawa tulizeeka vizuri mimi na shemeji yangu na nilimlilia alipokufa, ile sentensi sijaisamehe.

Dada aliondoka kesho yake asubuhi kwenda Ihanda, na furushi moja, mpaka wazee watakapokaa. Gwamaka alibaki mgongoni kwa Shangazi. Sikubaki kwa ajili ya masomo; nilibaki kwa sababu dada alinishika mkono kituoni akaniambia, "Umpe uji wa ulezi, usimpe wa mahindi mtupu, unamfunga." Hakulia. Alipanda gari, akakaa upande wa pili ili asituone. Mtoto alilia siku ile, akalia usiku, akalia siku zilizofuata, kilio cha kuchakaa, cha mtoto anayelia hata akiwa amesahau kwa nini. Alikwenda ameshikilia ukuta mpaka mlango wa jikoni, akachungulia, akarudi. Shangazi alimbembeleza, tena kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikuweza kumchukia sawasawa.

Na Mwalimu alinyamaza. Alilala amegeukia ukutani, alikula kidogo, hakusema amemwona nani wala ameokolewa na nani. Nilimpelekea chakula nikakiweka kwa kishindo. Nilijiambia huyu ndiye mtu asiyefundisha uongo, na sasa anatudanganya kwa kimya. Hasira yangu ilikuwa kubwa hata nikafikiri kuondoka, mtihani na uende, ila nani angemkorogea Gwamaka ulezi?

Siku moja akatoka, amevaa koti lake, akakaa kwenye kiti chake. Shangazi alikuwa kibarazani na mtoto. "Tuendelee," akaniambia. Alisema tumefika mahali ambapo sentensi moja inabeba nyingine mgongoni: jambo limetendeka, na pembeni yake kuna jambo jingine linalosema tangu lini, au kabla ya nini, au kwa sababu gani. Akanipa neno la tangu. "Tunga." Kibarazani Gwamaka alikuwa analia kwa kwikwi. Sikufikiri. Nilisema, kwa sauti ya kutosha nyumba nzima: "The child has cried since his mother left." Mtoto amelia tangu mama yake alipoondoka. Nadhani palikuwa na namna bora ya kuisema, na siku nyingine yoyote angenyanyua kidole. Hakunyanyua. Alikaa. Aliutazama ule ukuta ambao nyuma yake hapakuwa na mtu. "Ni kweli?" akaniuliza kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Sikiliza mwenyewe, Mwalimu." Tukasikiliza. Kisha akasimama, akaenda mpaka kibarazani, akamwambia dada yake apeleke habari Itumba, wazee waje.

Walikuja, wazee wenye makoti na fimbo, wakajaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni na mtoto, napika chai, nasikia. Shangazi alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi. Sikumkuta na uongo hata mmoja. Mzee aliyeongoza akamuuliza Mwalimu kama ni kweli mke wa mtoto alimsemesha. Akajibu ni kweli. Alikuita nani? "Aliniita 'you'," Mwalimu akasema. Ni nini hiyo? "Ni wewe. Ni nyinyi pia. Mzee, mtoto, mfalme, mbwa, wote ni hiyo hiyo. Kizungu hakina adabu." Mmoja akacheka, wengine wakamfuata, na nilimwaga sukari, nikidhani wanacheka kwa sababu wameshaamua. Kicheko kilipoisha Mwalimu akasema mwiko umevunjwa na faini ilipwe, yeye hapingi. "Ila ulizeni nani alianza," akasema. "Mimi nilimsemesha tangu mwaka unaanza. Nilikaa hapa, nikaegemeza mgongo hapa, nikasema naye kupitia kinywa cha huyu binti, kila siku, kwa kuwa nilijua anasikiliza, na kwa kuwa ndiye mwanafunzi. Yeye amenijibu mara moja tu, nilipokuwa nakufa. Mbuzi wa faini ni wangu mimi." Shangazi alisema jina la kaka yake, polepole, kama mtu anayemwomba asijivue nguo hadharani. Naye akamalizia, "Ayubu, kesho nenda Ihanda kamchukue mkeo. Ukifika kwa wazazi wake piga magoti kabla hujaketi."

Mbuzi alichinjwa, wazee wakala, dada akarudi, na Gwamaka alipomwona hakumkimbilia. Alikaa chini akamtazama kwa chuki kwanza, ndipo akanyoosha mikono. Mwiko ulirudi mahali pake. Msidhani ulivunjwa. Kikohozi uani, ndoo kugongwa, kitenge, yote yalirudi, na wawili wale hawakuonana tena uso kwa uso mpaka mzee anaingia kaburini. Ila kiti cha Mwalimu sasa kiligeuzwa, akawa anautazama ukuta badala ya kuuegemea, na mimi nikawekwa pembeni kama mgeni. Aliuliza, na jiko likajibu kwa maneno. Shangazi alisikia yote, akachambua maharage yake. Mtihani niliupita kwa alama za kunifikisha tu, nikaenda kusomea uuguzi. Dada alifanya wake baadaye, akaupita vizuri, akafundisha miaka yote Kiingereza kwa kufungua na kufunga madirisha, mpaka wakaguzi wakalalamika kwamba darasa lake lina kelele.

Pale Itumba, msibani, wazee walikaa pembeni kujadili wamlaze wapi. Mwalimu yuko mbele ya nyumba, karibu na njia. Vijana, wadogo zake Gwamaka, walitaka mama yao awekwe pale pale, jirani naye, mambo ya zamani yameisha. Wazee walikataa, mke wa mtoto halazwi machoni pa mkwewe. Nilitegemea Gwamaka abishe. Ana umri wa kubisha sasa, upara umeanza kumkaribia. Aliinama akasikiliza, akasema, "Mama angetaka hivyo." Wakamchimbia nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, migomba ikiwa imelowa ukungu, na nyumba ikawa katikati yao.

Nilitupa udongo wangu, nikabaki nimesimama mpaka koleo la mwisho. Nilipoona pamekuwa tuta, nilimgeukia mama mmoja wa kanisani aliyekuwa amenishika kiwiko tangu asubuhi, nikamwambia, "Dada amefariki." Akanibana mkono, akasema ndiyo, mama, amefariki. Kisha, taratibu, kwa ajili yangu na yeye tu, nikasema kwa lugha yetu ya sebuleni: "She has rested." Nikaishia hapo. Nilikuwa nimesahau kwamba mnyororo hauachwi umekatika. Gwamaka alikuwa nyuma yangu, koleo mkononi, mtoto yule yule aliyelia tangu mama yake alipoondoka. Akaupokea.

"They have rested," alisema. Wamepumzika, wote wawili. Hakuwa anatazama kaburi. Alikuwa anatazama ukuta wa nyumba.